Pambano la Baada ya Eda

Ijumaa, 11 Aprili

Binti yangu Afrah amenipa daftari hili. Kurasa za mwanzo zina pembetatu zake za shule, zilizobaki ni zangu. Anasema niandike, nisije nikaanza kuzungumza na kuta. Msichana ana miaka kumi na saba na tayari amejifanya mama yangu. Haya, naandika.

Mimi ni Dhahabu, mjane wa Bakari. Tulimzika Jumanne alasiri hapa Mtongwe, jana tukamsomea hitma. Nimevaa nyeupe. Sina hina, sina wanja, sina udi, wala sitavuka kizingiti cha nyumba hii mpaka eda yangu iishe, miezi minne na siku kumi. Maalim amenipigia hesabu: Alhamisi, tarehe kumi na nne Agosti.

Waliokuja kunipa pole walimtaja Bakari wa ulingoni, mwanamume wa kilo mia aliyeangusha watu kumi na tisa. Mimi nimeishi miaka sita na Bakari mwingine, aliyemwaga chai kila akishika kikombe, aliyeniuliza mimi ni nani kisha akaniomba samahani kwa kunisumbua. Daktari alisema ni ngumi za kichwa, zilikaa humo kimyakimya zikimla. Nilimlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwanangu Suleiman amerudi mazoezini, kwenye ngumi zake. Baba yake hajamaliza wiki ardhini.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua kutwa. Mahamri anauza Afrah mlangoni, mimi nakanda tu huku ndani. Rahima, jirani yangu, amekuja kukaa nami mpaka adhuhuri. Amenieleza habari za mtaa mzima, hata zile ambazo sikuziuliza.

Hamdun naye amepita. Huyu ni ndugu yake marehemu. Ndiye aliyemwosha, ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Lakini shemeji si maharimu yangu, kwa hivyo miezi hii yeye anakaa ukumbini na mimi nyuma ya pazia. "Shemeji, umeamkaje? Kuna kilichopungua?" Kila siku vivyo hivyo. Mungu ampe umri. Bila yeye tungekuwa wapi?

Alhamisi, 1 Mei

Leo pambano limepangwa ukumbini mwangu, na lilipangwa kama watu waliokuja kuposa.

Walikuwa watatu: Hamdun, ambaye ndiye mwalimu wa ngumi wa mwanangu, Suleiman mwenyewe, na mtu mmoja anaitwa Absalom, promota kutoka Changamwe. Mimi na Afrah tulikuwa ndani tunachambua mbaazi. Hodi ya pili haijaisha, nikasikia sauti nene, "Shikamoo mama, pole kwa msiba." Akaliamkia pazia, maskini. Nikaitikia, "Marahaba, baba, tumeshapoa."

Habari yenyewe ni hii. Mkanda wa uzito wa juu wa Afrika Mashariki uko wazi, aliyekuwa nao amestaafu. Wanaume wa uzito huo wanaojua kupigana ni wa kuhesabu, na waliopewa nafasi ni wawili: Suleiman wangu, miaka ishirini na nne, kilo mia na tano, na Ngala wa Kisauni, miaka thelathini na saba, mlinzi wa lango katika hoteli moja Shanzu. Siku, tarehe ishirini na nane Juni. Mahali, ukumbi mmoja huko Changamwe.

Basi wakavutana. Raundi kumi au kumi na mbili? Zikawa kumi. Glavu zitoke wapi, refa atoke wapi. Jina la nani liwe juu kwenye bango. Hapo ndipo Hamdun alipopandisha sauti: ati mwana wa Bakari lazima aingie ulingoni wa mwisho, kwa heshima ya marehemu. Absalom akasema, "Ngala amepigana miaka kumi na sita, mwachie hiyo heshima moja." Nusu saa nzima! Wanaume wazima wanagombania nani apite mlangoni wa mwisho. Nilingoja mmoja wao ataje kichwa. Hakuna aliyekitaja.

Mwishowe karatasi ikafunuliwa, nikaisikia. Suleiman akasema, "Ami, mimi sitii sahihi bila radhi ya mama."

Mvua juu ya mabati. Afrah akanitazama. Nilijua wote watatu wanalitazama pazia.

"Nipeni siku chache," nikasema.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwita Suleiman. Mwanangu yeye naruhusiwa kumwona, alhamdulillahi. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, magoti yakamfika kifuani.

"Wataka nini hasa?" nikamuuliza.

"Nataka mkanda ambao baba aliukosa."

"Baba yako aliukosa mkanda. Ngumi hakuzikosa."

Akainamisha kichwa. Akaniambia kutwa anabeba magunia ya saruji Changamwe na hakuna mtu anayejua jina lake, wanamwita "we mnene". Ulingoni wanalijua. Kisha akasema, "Mama, ukisema hapana, sipigani. Naapa. Lakini hapana yako iwe kwa ajili yangu, isiwe ya baba."

Hapana moja tu. Ilikuwa mdomoni. Nikautazama uso wake, nikaona atakavyonitazama miaka yote itakayobaki, na nikaimeza. Nimwombe Mungu anisamehe, niliogopa mwanangu asinichukie.

Jumatano, 7 Mei

Hamdun amekuja mara mbili. Asubuhi: "Shemeji, Ngala mguu mzito, mkono mzito, mtoto hataguswa." Jioni: "Shemeji, marehemu angefurahi." Nikamwambia marehemu mwaka wa mwisho alikuwa akifurahi akipewa ndizi. Akaaga.

Jumamosi, 10 Mei

Nimempa radhi. Nimempa na hila ndani yake, na naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Nilisema, wote wakiwa ukumbini: "Radhi yangu anayo, kwa sharti moja. Mimi mama yake nataka nikae mahali nimwone kwa macho yangu. Na mimi niko edani. Pambano lingoje eda yangu iishe."

Nilijua ninachofanya. Mapambano kama haya hayangoji, nimeolewa na bondia miaka ishirini na saba. Tarehe ikisukumwa, wafadhili wanaondoka, ukumbi unakodishwa kwa harusi, promota anatafuta mtu mwingine. Litakufa lenyewe, nikasema moyoni, na mimi mikono yangu safi. Na nani atashindana na eda?

Kweli, hakushindana nayo mtu. Nilisikia Absalom akivuta pumzi, kisha akifunua vijikaratasi vya kalenda. "Mama," akasema, "nimeishi Pwani miaka thelathini. Eda ni eda. Tuseme Jumamosi, tarehe kumi na sita Agosti."

Suleiman akaingia ndani akaubusu mkono wangu. Machozi yalikuwa yamemtoka, kijana wa kilo mia na tano. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Maji yameingia jikoni. Tumekunja mikeka.

Jumapili, 18 Mei

Mvua.

Jumamosi, 24 Mei

Nani aje leo kunipa pole? Ngala! Kumbe ni miongoni mwa waliobeba jeneza la Bakari, nami sikuambiwa. Ameleta sukari kilo mbili na majani ya chai. Sauti yake ndogo, huwezi kudhani inatoka katika mwili huo. Afrah anasema aliinama kuingia mlangoni.

"Mama," akasema, "bwana wako ndiye aliyenifundisha kufunga bendeji mkononi. Mimi kijana wako sitamuumiza. Lakini naye mwambie asiniumize."

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba, nimecheka na kidole mdomoni nisisikike nje.

Akasema alitaka pambano la Juni kwa sababu Julai alikuwa amepanga kuacha ngumi na kurudi Ganze kufuga mbuzi. Sasa amesukuma. "Miezi miwili si mingi," akasema. "Tutakimbia kwenye mvua." Nilimwombea afya kwa dhati. Ikiwa lazima mwanangu asimame na mtu, asimame na huyu.

Jumamosi, 7 Juni

Idi kubwa. Hakuna nguo mpya, hakuna udi. Hamdun ametuletea paja la mbuzi. Suleiman hakula mafuta, ati kambi imeanza.

Jumatatu, 16 Juni

Absalom amepata ukumbi kwa tarehe yake. Wafadhili hawakuondoka. Nilikuwa nimemwombea mtu wa watu ashindwe kazi yake, na hakushindwa.

Jumamosi, 28 Juni

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Kumekucha jua, kumekauka, watu wameanika nguo mpaka kwenye ua wa msikiti. Suleiman amekwenda kukimbia Shelly Beach, akarudi, akala mayai sita, akalala. Nilimchungulia akiwa usingizini. Sikio lake la kushoto limeanza kukunjamana kama la baba yake.

Alhamisi, 3 Julai

Ngala amevunjika mguu.

Alikuwa akikimbia barabarani alfajiri, Kisauni, mvua inanyesha, pikipiki ikateleza ikamwingia. Umevunjika mahali pawili. Rahima ndiye aliyeniletea habari, kabla ya chai. Nilikuwa na unga mikononi. Nilikaa chini palepale jikoni. Yule mtu asingekuwa barabarani leo. Angekuwa Ganze na mbuzi zake.

Afrah aliposikia akasema, "Basi pambano limekufa, mama?" Na mimi, Mungu ananijua, nilisikia moyo ukinirukaruka kwa furaha. Kwa mguu wa mtu.

Jumamosi, 12 Julai

Siku tisa Hamdun hakuja kunijulia hali. Leo Afrah amerudi sokoni na bango amelikunja chini ya buibui. Akalikunjua sakafuni.

Suleiman upande mmoja. Upande wa pili si Ngala. Ni mtu anaitwa Kasozi, wa Kampala. Miaka ishirini na sita, kilo mia na kumi na nane. Shingo hana. Chini wameandika: kumi na wanne, wote chali.

"Ami Hamdun alikubali wiki iliyopita," Afrah akasema. "Suleiman ameniambia nisikwambie mpaka utulie."

Nitulie!

Nikampigia Hamdun simu. Sikuuliza hali. "Shemeji, umemkubalia mwanangu jitu gani hili?" Akaanza, ati mkanda hauji mara mbili, ati Suleiman yuko katika hali ambayo Bakari hakuwahi kuifikia. Kisha akasema: "Na kama si eda yako, shemeji, sasa hivi angekuwa amekwishampiga Ngala na mkanda uko ukutani." Akakata.

Hakusema uongo. Hilo ndilo linaloniua.

Jumanne, 15 Julai

Leo hodi ilikuwa ya Absalom, peke yake. Afrah alimkaribisha, nami nikavuta kiti mpaka pazia likanigusa pua.

"Mama, nimekuja bila Hamdun," akasema. "Mimi hii ni biashara yangu, sikufichi. Lakini nilipokwenda Kampala kumtazama Kasozi akifanya mazoezi, sikupenda nilichokiona. Mtu aliyepigana naye mara ya mwisho mpaka leo analishwa. Mimi ningeahirisha. Hamdun alikwishakubali kabla sijatafuta mwingine."

"Wataka mimi nifanye nini, mwanangu?"

"Kuna kipengele katika mkataba. Bondia akijitoa mwezi mzima kabla ya siku, hana kosa. Mwisho ni kesho. Akijitoa, mimi nitalaumiwa, nitakaa na lawama zangu. Kijana huyu kila siku ananiambia: mama amenipa radhi. Basi mwambie umeichukua."

Huyu ndiye mtu niliyemwombea ashindwe. Nilimshukuru, akaniambia, "Pole, mama," akaondoka bila kumaliza chai.

Suleiman alipoingia nikamwambia ukweli wote. Kwamba radhi niliyompa ilikuwa na hila. Kwamba nilitumia eda ya baba yake kuliua pambano, na badala yake nimemvunja Ngala na kumletea Kasozi.

Akatabasamu kidogo. "Nilijua, mama. Ulikuwa ukiangalia mkeka nilipokubusu mkono."

"Basi toka. Kesho ndiyo mwisho."

"Nikitoka sasa watasema nilimkubali mzee, nikamkimbia kijana mwenzangu. Siwezi, mama. Nitakwenda." Akanishika mikono yote miwili, mikono yangu ikapotea ndani ya yake. "Nitakwenda tu. Sasa chagua wewe, niende na radhi yako au niende bila."

Nini ningejibu? Niseme sina radhi nawe, kisha aende hivyo hivyo, aingie kwa yule mtu na laana ya mama mgongoni? Nilimwona amelala chali kwa sababu ya ulimi wangu. Nikasema, "Nenda nayo."

Aliubusu tena mkono.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya mwisho ya kujitoa. Imepita.

Jumapili, 27 Julai

Rahima anasema kwa dharura mjane anaruhusiwa kutoka mchana. "Nenda kwenye hayo mazoezi yao, ukamshike Hamdun kanzu." Nikamwambia eda yangu sitaivunja, nimeshaichezea mara moja. Rahima akasema, "Sasa ndiyo umekumbuka?" Ana mdomo, lakini leo sikukasirika.

Upepo wa kusi umeanza baridi. Suleiman anakohoa.

Jumatano, 6 Agosti

Amerudi na jicho jekundu. "Ni jasho, mama."

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetolewa eda. Rahima na wanawake wa mtaa walikuja asubuhi, wakaniogesha, wakanivua nyeupe, wakanifukiza udi, wakanipaka hina kwenye vidole. Waliimba kidogo. Nilitoka mpaka barabarani, jua likaniuma macho. Muuza maji akasema, "Mama Suleiman, umekonda." Nikarudi ndani.

Kesho wanapimwa uzito. Keshokutwa ndiyo siku.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimengoja mpaka leo ili niweze kuandika bila kuharibu karatasi.

Jumamosi tulivuka kwa feri mimi na Rahima, tukafika Changamwe alasiri. Absalom alitimiza neno: viti vyetu vilikuwa safu ya pili, nyuma ya kona ya Suleiman. Hamdun nilimwona hapo, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu msiba. Amezeeka. Tukaitikiana kwa vichwa. Ngala alikuwepo pia, kwenye kiti karibu na ngazi ya ulingo, na magongo yake.

Raundi nne za kwanza, nisiseme uongo, mwanangu alikuwa mzuri. Mwepesi kuliko mwili wake. Watu walisimama, wakaita jina lake, jina lake kweli, Suleiman, Suleiman, na mimi nilisahau nilikuja kufanya nini. Nilipiga makofi. Rahima ni shahidi.

Raundi ya tano yule mtu alimpata. Ngumi moja tu, juu ya sikio. Suleiman hakuanguka, lakini magoti yalifanya kitu nilichokijua. Raundi ya sita alipigwa sana. Raundi ya saba alipigana, akampiga Kasozi pia, damu kwa wote wawili, ukumbi unapiga kelele sijapata kusikia. Kengele ikalia. Na mwanangu akageuka, akaenda kukaa kwenye kona ya Kasozi.

Watu wakacheka. Hamdun akapanda, akamshika mkono, akamrudisha huku akiwachekea watu na kupunga kitambaa, kana kwamba ni mzaha. Akamkalisha, akammwagia maji.

Sikumuaga Rahima. Nilifika kwenye ngazi. Kijana wa ulinzi akanyoosha mkono kunizuia, Ngala akamwambia, "Mwache huyo, ni mama," akavuta magongo yake nipite. Nikasimama chini ya kamba. Uso wa mwanangu ulikuwa juu ya uso wangu, jicho moja limefunga.

"Hamdun, simamisha," nikasema.

"Shemeji, rudi ukae! Tunaongoza! Raundi tatu tu!"

"Amekwenda kona isiyo yake!"

"Kelele, shemeji, ni kelele tu zimemchanganya!"

Nikamwacha. Nikamwita, "Suleiman." Akaniangalia. Alinijua, nafikiri alinijua. "Naam, mama."

Nikamwambia, "Ukiinuka hapo, sina radhi nawe. Duniani na akhera."

Sikupandisha sauti. Sikuhitaji. Niliona neno likimwingia. Alifungua mdomo, ile kinga ya meno ikaanguka mapajani. Kengele ikalia. Kasozi akasimama. Refa akamwashiria Suleiman ainuke. Hamdun alikuwa akimvuta kwa kwapa, anamwambia inuka, inuka baba, inuka, kwa ajili ya Bakari inuka. Na mwanangu, kilo mia na tano, amekaa kwenye kile kibao cha kona, mikono juu ya magoti, ananitazama mimi.

Refa akahesabu, akapunga mikono. Chupa zikaanza kurushwa. Mtu akapiga kelele, "Ana mama!" na ukumbi mzima ukacheka. Wakamwinua Kasozi mabegani. Baadaye wakazisoma karatasi za waamuzi: wawili kati ya watatu walikuwa wamempa Suleiman, kwa alama moja.

Tulirudi naye kwa gari mpaka hapa mlangoni. Kisha akasema, "Ungenifunga mikono ingekuwa afadhali."

Jambo moja ndilo halinipi usingizi. Alinitii. Mbele ya watu wote wale, mkanda uko mbele yake, alinitii na akakaa. Kumbe tarehe kumi na tano Julai pia angekaa. Na tarehe mbili Mei. Ningesema tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Amepigwa picha ya kichwa. Daktari anasema haina kitu. Suleiman aliiweka mezani mbele yangu, ile bahasha kubwa, akaenda zake. Za Bakari nazo hazikuwa na kitu, miaka ile.

Jumatano, 27 Agosti

Ameondoka, yuko kwa Hamdun. Amechukua nguo na viatu. Wavulana wa mtaa wanapita hapa mlangoni wanasema, "Kaa chini, Suleiman, mama amesema." Afrah amewamwagia maji ya kuoshea samaki. Nilimkaripia, kisha nikamkumbatia.

Jumatatu, 8 Septemba

Hamdun amekuja. Pazia hakuna tena, alikaa kiti kile kile. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilikuwa nayo ya kutosha. Akalia. Akasema alimwona akienda kona ile, na alijua, na bado alimkalisha amwinue tena. "Nilimwona Bakari, shemeji. Nilitaka Bakari ashinde." Nilimpa chai. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Lakini mimi na yeye tumekosa kosa moja, na sasa ni yeye tu ninayeweza kukaa naye nikanyamaza.

Nikamwomba amzuie Suleiman asirudi ulingoni. Akatikisa kichwa. Suleiman bado analala kwake, lakini amemfukuza ukocha. Ana mwalimu mwingine, mtu wa Nairobi.

Jumamosi, 20 Septemba

Absalom amenipigia simu, kwa adabu yake. Kuna marudiano. Kasozi, Kampala, Novemba. Yeye Absalom amekataa kulisimamia, wamepata promota mwingine. Suleiman ametia sahihi jana. Raundi kumi na mbili.

Nikamuuliza, "Hakusema chochote kuhusu mimi?"

"Hapana, mama. Walimpa kalamu, akatia."

Jumapili, 21 Septemba

Nimekaa na jambo hili usiku na mchana. Siwezi kumzuia. Neno lile nilikuwa nalo moja na nimeshalitumia. Lakini asiingie kwa yule mtu na yale niliyomwambia ulingoni bado yamemkaa mgongoni. Nilikwishaapa duniani na akhera. Nikamwambia Afrah, mpigie kakako, mwambie mama anasema radhi yangu anayo, safari hii ya kweli, haina sharti, haina hila.

Afrah akapiga. Akaweka sauti juu. Akamwambia neno kwa neno, kama nilivyomwambia. Ndani ya simu nilisikia mifuko ya mchanga ikipigwa.

Suleiman akauliza, "Ipi?"

Afrah akanitazama, simu mkononi, angojea nimwambie ajibu nini. Nilifungua mdomo. Huko kwingine mtu akamwita, na simu ikakatika.